Nilivyompeleka Halmoni Seoul

Tangu nirudi, kila Jumapili baada ya ibada pale Laurel mnanizunguka na swali moja: "Kwamboka, ilikuwaje? Umeenda na mtu, umerudi peke yako?" Wengine mmeambiwa kwamba bibi niliyekuwa nikimhudumia amefia ng'ambo. Hajafa. Mama Neema ndiye aliyenisukuma niandike, maana nikisimulia kwa mdomo natekwa na habari za chakula na simalizi. Mambo ya tiketi na makaratasi nayaruka, hayana utamu wowote.

Kwa wasiomjua, Halmoni ni mama wa Kikorea niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake Springfield, huku Marekani, alikokuwa akiishi na binti yake Janet. Halmoni si jina lake. Ni neno la kwao la kumwita bibi, na alikataa nimwite kwa jina lingine. Alizaliwa Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, akaondoka huko akiwa mama kijana, Janet akiwa mgongoni. Nyuma alimwacha mdogo wake wa kike, Sun-ja. Kwa miaka mingi walipigiana simu, mpaka siku walipogombana. Kwao, siku ya kumkumbuka marehemu baba, watoto hupanga vyakula mbele ya picha yake na kusujudu. Halmoni aliokoka Marekani, akamwambia Sun-ja kwa simu kwamba yeye hasujudu tena. Sun-ja akamjibu, "Basi usinipigie tena." Halmoni alikaa na hasira yake muda mrefu. Alipokuja kupiga, simu iliita bila kupokelewa, na baadaye ikawa haiiti kabisa.

Janet alikuwa ampeleke Seoul mwenyewe kumtafuta, lakini goti lake likafanyiwa upasuaji. Akaniomba mimi.

"Mama hawezi kungoja," alisema. "Akili yake inaanza kupotea. Juzi ameniambia akifika Seoul atakwenda kukaa kando ya kijito walichokuwa wakifulia utotoni. Kile kijito kilifunikwa kwa saruji zamani, yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Ukiona amechanganyikiwa, usibishane naye. Mrudishe hotelini tu."

Nikaahidi.

Springfield hadi uwanja wa Dulles

Tulitoka asubuhi na mapema tukihofia foleni ya barabara ya mzunguko, na siku hiyo barabara ikawa nyeupe. Tulifika mapema mno, kisha wakatangaza kwamba ndege ina hitilafu, tungoje. Tukangoja. Halmoni alivua viatu, akafungua mfuko wa viazi vitamu alivyochemsha nyumbani, akala akiwa ametulia kama yuko sebuleni kwake. Mimi ndiye niliyehangaika, nikampigia mume wangu na kumlalamikia kwa Kiswahili kwamba hata tukifika salama sijui tutamtafutaje huyo ndugu.

Nilipokata simu, mzee Mmarekani mweusi aliyekuwa kiti cha mbele aligeuka.

"Shikamoo, bibi," alimwambia Halmoni kwanza, halafu akanigeukia. "Je, dada, hujambo? Samahani, nimesikia mazungumzo yako. Sikukusudia kusikiliza."

Nilicheka mpaka nikaona haya. Aliniambia anaitwa Walter, alijifunza Kiswahili chuoni akiwa kijana, na mwalimu wake alitoka Tanga. Alikuwa anakisema polepole, kila neno limenyooshwa kama shati la Jumapili. Nilijibu kwa Kiswahili chetu cha haraka, naye akaniomba nirudie. Ajabu nyingine ni kwamba kabla ya chuo alikuwa mwanajeshi, akapelekwa Seoul.

Nikamuuliza kuhusu kijito cha katikati ya mji.

Akatikisa kichwa. "Hapana, dada. Mimi nilipita pale kila juma. Ni barabara, na juu ya barabara kuna barabara nyingine, imesimama juu ya nguzo. Hakuna maji."

Halmoni aliuliza tunasema nini. Nilipomwambia, alimtazama Mzee Walter, akampa kiazi kitamu, akasema kwa Kiingereza, "Wewe ulikuwa mdogo sana." Mzee akala kiazi. Nami moyoni nikasema, Janet anasema kweli, akili inapotea.

Angani

Safari ya angani sina mengi ya kuisema. Miguu ya Halmoni ilivimba, nikawa namwamsha tutembee kwenye ujia wa ndege, naye ananung'unika kwa Kikorea. Kadiri tulivyokaribia kwao ndivyo Kiingereza chake kilivyopungua. Mhudumu wa ndege alipompa wali wenye mboga na pilipili ya kusaga, Halmoni aliuonja, akamwita yule binti, wakazungumza kwa muda mrefu. Nilidhani analalamika. Kumbe alikuwa anamuuliza huyo binti mama yake anatoka mkoa gani.

Karibu na kutua ndipo aliponiambia jambo ambalo hata Janet hakuwahi kuambiwa. "Nikifika mlangoni kwa Sun-ja, naye asinifungulie," alisema, "usibishe hodi mara ya pili. Tutarudi zetu. Sitaki majirani waone."

Katikati ya mji

Kutoka uwanja wa ndege wa Incheon basi hupita juu ya bahari yenye matope, kisha huandama mto Han, mto mpana kuliko Potomac yetu, na pande zote mbili majengo ya ghorofa yamepangwa kama vitabu rafuni. Halmoni aliyatazama njia nzima. Ilikuwa Oktoba, mbingu safi, na miti ya barabarani ina majani ya manjano kama unga wa bizari.

Kesho yake aliniongoza yeye, mimi nikimsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Kwanza tulikwenda soko la Namdaemun, ambako baba yake alikuwa akiuza vitambaa. Mbele ya soko limesimama lango kubwa la kusini la mji wa kale, mawe chini na mbao juu, paa mbili zilizopindwa pembeni. Miaka kadhaa iliyopita mtu mmoja alilitia moto, na Halmoni aliliona likiungua kwenye televisheni, ameketi Springfield, hawezi hata kutupa kikombe cha maji. Wamelijenga upya. Aliniambia nisimamishe kiti cha magurudumu, akayatazama mawe ya chini, yale yaliyonusurika, akasema tu, "Vizuri."

Sokoni tuliingia kichochoro chembamba cha akina mama wanaouza tambi za kukatwa kwa kisu. Unakaa kwenye benchi, bega kwa bega na watu usiowajua, na mvuke unakupiga usoni. Niliagiza bakuli mbili. Ilikuja supu ya moto, halafu bakuli nyingine ya tambi baridi zenye pilipili, halafu wali. Nikamwambia yule mama kwa ishara kwamba hatukuagiza. Akanirudishia. Nikamsukumia tena. Akaipandisha sauti, benchi zima likageuka. Ikabidi nitoe simu, ile programu ya kutafsiri ikaniambia kwa Kiswahili: "Binti mkubwa, kula, ni desturi." Kumbe anayekula tambi za moto huongezewa zile baridi bure. Mama mmoja kando yangu aligusa nywele zangu zilizosukwa, akauliza kitu. Simu ikasema anataka kujua nina umri gani. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akafurahi sana, maana yeye ni mkubwa kwangu, akaninyang'anya bakuli yangu ya kabichi iliyochachushwa na kuijaza kutoka kwenye yake.

Supu ile, jamani! Ningeweza kuandika ukurasa mzima. Mama Neema amenikataza.

Lango na mlima

Kutoka sokoni teksi ilitupeleka kwenye kasri la Gyeongbok. Barabara inayolielekea ni pana, na katikati yake ameketi mfalme wa shaba mwenye kitabu mkononi, yule aliyewatungia Wakorea herufi zao ili hata mtu wa kawaida aweze kusoma. Mbele kuna lango la Gwanghwamun, nyuma ya lango ni paa za kasri, na nyuma ya paa mlima wa mawe meupe umesimama peke yake.

Halmoni alishuka kutoka kwenye kiti bila kuniambia. Alisimama kando ya barabara akitazama mlima, mdomo wazi kidogo. Nilidhani kizunguzungu, nikamshika.

"Wamelitoa kweli," alisema.

"Nini, Halmoni?"

Akanieleza kidogo kidogo, Kiingereza na Kikorea vikichanganyika. Kasri lile lina zaidi ya miaka mia sita. Liliwahi kuungua kwenye vita na Wajapani, likakaa magofu karibu miaka mia tatu, likajengwa upya. Kisha Wajapani wakaja tena, safari hii kutawala. Walibomoa sehemu kubwa ya kasri, na mbele ya ukumbi wa mfalme wakajenga jengo lao la serikali, la mawe, lenye kuba juu. Ulikuwa ukisimama barabarani huoni kasri. Unaona jengo la mkoloni. Hata baada ya uhuru jengo lilibaki na kutumiwa, na ndilo aliloliacha alipoondoka.

"Baba alikuwa akipita hapa anageuza uso upande ule," alisema, akaonyesha kwa kidevu. "Kila siku. Tulidhani ana maumivu ya shingo."

Nilikumbuka majengo ya DC, yule mkuu wa wilaya wa wakoloni, kule kwetu, ambayo sisi tulipaka rangi tu tukaingia.

Ndani ya kasri tulipata shida. Ua wa ukumbi wa mfalme umetandazwa mawe ya kuchongwa ovyo, hayana usawa, na pande mbili zimepangwa nguzo fupi za mawe zinazoonyesha kila ofisa alisimama wapi kulingana na cheo chake. Magurudumu yalinasa. Nikavuta, yakakataa. Mara wakatokea wasichana waliovaa magauni ya hariri ya kizamani, yale yanayofutuka chini kama mwavuli. Vijana huyakodi nje ya kasri wapige picha. Walikunja magauni viunoni, chini nikaona viatu vya michezo, wakamnyanyua Halmoni na kiti chake, mmoja kila pembe, wakamvusha hadi ngazini. Halmoni alikuwa anapaza sauti njia nzima. Nilidhani ameogopa. Simu ikatafsiri: "Mkanda umefungwa vibaya! Nani amekufunga hivi?" Walipomweka chini, alimfungua yule wa mbele mkanda wa kifuani akamfunga upya, kisha wa pili, kisha wote wakapanga foleni.

Kijito

Tulipotoka alisema, "Sasa kijito."

Nilikumbuka maagizo ya Janet. Nikasema amechoka, twende hotelini, tutakwenda kesho.

"Kijito," alirudia, akamwashiria dereva wa teksi yeye mwenyewe.

Dereva hakushangaa hata kidogo. Alitushusha mwendo mfupi tu kutoka pale, kwenye ukingo wa ukuta, na nilipochungulia chini niliona maji. Maji safi, yanakimbia kati ya majengo ya benki, mawe ya kuvukia yamepangwa, samaki wadogo, wafanyakazi wa ofisi wamekaa kando na kahawa zao. Palikuwa na njia ya mteremko ya viti vya magurudumu. Tukashuka.

"Halmoni," nilisema, "Mzee Walter alisema hapa ni barabara."

"Ilikuwa barabara. Walifunika nikiwa binti, wakajenga nyingine juu. Baadaye wakabomoa zote mbili wakarudisha maji. Miaka mingi sasa."

"Ulijuaje?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini mvua ni maji. "Kwenye televisheni. Natazama habari za Kikorea kila siku. Wewe ndiye unayeniwashia."

"Sasa mbona hukumwambia Janet?"

"Janet hakuniuliza. Alisema, ndiyo, Mama, ndiyo, Mama."

Alivua soksi, akaingiza miguu ile iliyovimba majini, akacheka. Nilikaa kando yake nikihisi haya imenipanda hadi masikioni. Nilikuwa nimempima presha kila asubuhi, nimemhesabia vidonge, na hata siku moja sikuwahi kukaa naye kuuliza ile televisheni ilikuwa inasema nini.

Chini ya mlima Inwang

Siku iliyofuata tulikwenda kumtafuta Sun-ja. Halmoni alikuwa na anwani ya zamani kichwani, namba ya kiwanja. Siku hizi mji wote unatumia majina ya barabara. Dereva alizunguka chini ya mlima wa Inwang, akatushusha mbele ya majengo mapya ya ghorofa, marefu, yenye lango la kufunguliwa kwa namba. Mahali pa nyumba ya mdogo wake palikuwa na maegesho.

Halmoni hakulia. Alisema, "Twende."

"Twende wapi?"

"Nyumbani. Nimeona inatosha."

Nilijua kwamba nikimtii tutarudi Springfield na huo utakuwa mwisho. Pembeni palikuwa na ofisi ndogo ya dalali wa nyumba, ramani imebandikwa kwenye kioo. Nikausukuma mlango, nikamwingiza na kiti chake kabla hajabishana. Ndani alikuwamo mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, anamenya tunda. Halmoni alinyamaza, kwa hiyo nilisema mimi kwenye simu: tunamtafuta Bi Sun-ja, alikuwa na nyumba hapa kabla ya majengo haya.

Mama alisikiliza sauti ya simu, akamgeukia Halmoni, akamwaga maneno. Nikaona uso wa Halmoni unabadilika. Nikatazama simu. Ilikuwa imeandika: "Yuko juu pale. Lakini usipige simu, masikio yake yamekula."

Nikasoma mara ya pili. Masikio yamekula nini?

"Halmoni, anasema nini huyu?"

Halmoni alikuwa ameshika sikio lake kwa mkono mmoja, na mkono mwingine amenishika mimi. "Hasikii," alisema. "Sun-ja ni kiziwi. Simu inaita, yeye hasikii." Akavuta pumzi. "Hakunikasirikia. Hasikii."

Dalali alifunga ofisi, akatuongoza juu ya kilima akisukuma kiti pamoja nami, maana peke yangu nisingeweza. Nyuma ya majengo mapya zimebaki nyumba fupi za matofali. Katika uwanja wa moja, mwanamke mdogo wa umbo alikuwa amechuchumaa, ametupa mgongo, anageuza pilipili nyekundu zilizoanikwa kwenye mkeka.

"Sun-ja," Halmoni aliita. Halafu kwa nguvu zaidi. Mwanamke akaendelea na pilipili zake.

Halmoni akasimama. Nilimshika kiwiko, akanitoa mkono. Alitembea peke yake kuzunguka mkeka hadi kivuli chake kikaangukia pilipili, na Sun-ja akainua macho.

Alitamka neno moja, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe: "Eonni!" Ndivyo binti anavyomwita dada yake mkubwa. Akasimama, akampiga Halmoni begani kwa kiganja, akampiga tena, mikono imejaa mbegu za pilipili, wote wawili wanapiga kelele, na dalali analia kuliko wao.

Ndani, sakafuni, Sun-ja alitupikia supu ya mwani na samaki wa kukaanga. Halmoni alikuwa anaandika kwa kidole kwenye kiganja cha mdogo wake, herufi moja baada ya nyingine, na Sun-ja anajibu kwa mdomo. Halmoni ndiye aliyenitafsiria. Aliandika: nilidhani umenikasirikia. Sun-ja akajibu, "Nilikasirika. Kama mwaka hivi. Kisha masikio yakaniacha, nikaikata simu, nyumba ikabomolewa, nikasema wewe ndiye hutaki kunitafuta." Akamtilia samaki. "Baba hakuwa mtu wa kudai asujudiwe. Mimi ndiye niliyetaka."

Siku zilizobaki

Kuanzia hapo hatukulala tena hotelini. Nilikuwa nawatazama wanavyogombania mto wa kulalia. Sun-ja ana miguu imara, anapanda kilima na gunia la kabichi. Halmoni ana masikio. Mgeni akigonga, Halmoni anasikia na Sun-ja anafungua.

Siku mbili kabla ya kurudi, tukimenya vitunguu saumu, Halmoni alisema, "Kwamboka, mimi nabaki."

Nilimpigia Janet kwa video asubuhi hiyo. Alisikiliza, uso ukakaza. "Unaona? Amechanganyikiwa. Mlete, tafadhali. Nani atampa dawa? Kila kitu chake kiko hapa."

Halmoni alikuwa amekaa kando yangu, mikono mapajani. Nilijua kwamba nikisema 'ndiyo, Janet,' nitaokoa na kazi yangu.

"Hajachanganyikiwa," nilisema. "Kile kijito kipo, Janet. Walikifukua. Aliona kwenye televisheni ukiwa kazini na mimi nikiwa jikoni. Anajua anachosema. Anakujua wewe, anajua Springfield, na anataka kukaa na mdogo wake."

Janet akasema kwa Kikorea, neno moja moja kama anayevuka mawe, kitu ambacho sikukielewa. Halmoni alimjibu kwa maneno machache. Wakaongea hivyo kwa muda, na mimi nikatoka nje kuangalia pilipili.

Jioni hiyo na siku iliyofuata nilimfundisha Sun-ja mpangilio wa vidonge, nikampeleka kwa mfamasia wa chini ya kilima na orodha ya dawa, nikamfunza mama dalali kutumia kipimo cha presha. Mambo ya kisheria ya kukaa kule Janet aliyamaliza baadaye, hayo nimeahidi kuyaruka.

Kwaheri yetu ilikuwa mlangoni. Halmoni aliona skafu yangu nimeifunga vibaya, akaifungua akaifunga upya.

Kurudi

Nilipotua Dulles nilisimama penye mizigo nikisubiri kiti cha magurudumu, mpaka nikakumbuka nimekiacha chini ya ngazi kwa Sun-ja.

Wiki ile nilikwenda Springfield kurudisha funguo. Janet alinifungulia akiwa na mkongojo wake, aproni kiunoni, moshi unatoka jikoni. Nikavua koti nikaelekea kwenye jiko kama kawaida yangu. Akanizuia kwa mkongojo.

"Kaa," alisema. "Leo wewe ni mgeni."

Nyumba ile naijua kila kijiko, lakini mezani sikuwahi kukaa. Nilikaa. Supu ilikuwa na chumvi nyingi, nikaimaliza. Alinihoji kila kitu: mawe ya lango, wale wasichana na mikanda yao, pilipili kwenye mkeka. Nilipofika mahali mama yake alipoingiza miguu kijitoni, akaweka kijiko chini.

"Alicheka?"

"Alicheka."

"Alichekaje? Mimi sikumbuki amecheka lini."

Nikajaribu kumwonyesha, kichwa nyuma, mkono kifuani, ile sauti ya kukwama kwama. Nikaharibu vibaya sana. Janet alinitazama, midomo ikamcheza, kisha kicheko kikamtoka, kichwa nyuma, mkono kifuani, na kilikuwa kilekile.